Kuchagua Mshipi wa Kuvulia Penye Matete na Kutunza Zana Zake

Mvuvi wa ndoana anayeishi Moshi au Arusha hahitaji kusafiri mbali ili akutane na majani. Katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, pale maji ya Kikuletwa yanapokutana na ya Ruvu, matete yamefunga sehemu kubwa ya kingo, na maji yanapopanda baada ya masika hufunika nyasi na vichaka vilivyoota wakati wa kiangazi, hata mtu anayetupa ndoana mwezi Mei huwa anaitupa juu ya malisho ya mbuzi wa mwezi Januari. Ziwa Jipe, lililo mpakani na Kenya, limevamiwa na mafunjo na matete kiasi kwamba mahali pengine mtu husimama ukingoni asiyaone maji. Hata Ziwa Duluti pale Tengeru, ambalo ni ziwa la kreta lenye kina kirefu katikati, lina ukanda wa mafunjo pembezoni, na ukanda huo ndio mvuvi wa nchi kavu anaoweza kuufikia.

Samaki nao wanayapenda majani hayo. Perege hujificha humo dhidi ya ndege na hula mwani ulioshika kwenye mashina. Kambale ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo haogopi maji mazito yenye majani yanayooza ambamo samaki wengine wangekosa pumzi. Kuyakwepa majani, basi, ni kuwakwepa samaki. Kinachobaki ni kwenda na zana zinazoyaweza.

Wengi wetu tulianza kwa kuchagua mshipi kwa kukisia uzito wa samaki tunayemtaka. Penye maji wazi hesabu hiyo si mbaya: kambale wa kilo 3 anaweza kuletwa ufukweni kwa mshipi wa nguvu ya kilo 5 tu, mradi mvuvi amwachie akimbie, achoke, kisha amrudishe polepole. Penye matete hakuna nafasi ya kumwachia akimbie. Akipata mita 2 tu, amekwisha zungusha mshipi kwenye mashina manne au matano, na kuanzia hapo unachokivuta ni shamba zima. Mwaka wangu wa kwanza kule Nyumba ya Mungu nilikuwa na nailoni ya milimita 0.28, mpya kabisa, na nilijivunia kuwa ni nyembamba na haionekani majini. Kambale alishika, nikainua fimbo, nailoni ikanyooka kama mpira wa manati, na kabla sijazungusha mkono wa rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, mara tatu kila kitu kilisimama. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu wake kando yangu alinitazama kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, hapo huvuti samaki, unavuta majani. Kata uzi ufunge upya.” Nilimjibu, “Sawa, mzee,” huku moyoni nikikataa, na nikaendelea kuvuta kwa robo saa nyingine mpaka mshipi ukakatika wenyewe. Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo: penye majani, mshipi hupimwa kwa majani.

Aina za mshipi na tabia zake

Nailoni ya uzi mmoja ndiyo inayopatikana kila mahali na ndiyo ya bei nafuu. Kwa makadirio yanayotofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, unene wa milimita 0.30 huhimili kilo 5 hadi 6, wa 0.40 hukaribia kilo 9, na wa 0.50 huhimili kilo 13 au zaidi kidogo. Uzuri wake ni kwamba huvumilia kusuguana na mawe, hushika fundo vizuri, na hunyumbulika, kwa hiyo husamehe makosa ya mkono. Huo mnyumbuliko ndio ubaya wake penye matete. Nailoni inaweza kurefuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano kabla ya kukatika, maana yake ukiwa na mita 20 majini, samaki anaweza kujipatia mita kadhaa za uhuru hata kama rili yako haikuachia hata sentimita moja. Aidha, nailoni hunywa maji kidogo na kupungua nguvu ikilowa, na jua huichosha mwezi hadi mwezi bila kuonyesha dalili kubwa kwa macho.

Mshipi wa kusukwa ni kitu kingine kabisa. Hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polietilini ya nguvu nyingi, nne au nane au zaidi, zilizosukwa pamoja kama ukili. Unene wa milimita 0.28, uleule ulionikatikia katika nailoni, ukiwa wa kusukwa huhimili takriban kilo 13. Unene wa 0.36 hufika kilo 22. Haurefuki kwa kiasi cha kuhisiwa, hivyo unapoinua fimbo ndoana nayo inainuka papo hapo. Tena ni mwepesi kuliko maji na huelea, jambo linalosaidia sana pale unapotaka mshipi ulale juu ya mayungiyungi badala ya kuzama na kujisokota kwenye vikonyo vyake. Lililo kubwa zaidi ni kwamba, kwa kuwa ni mwembamba na una mikwaruzo midogo ya msuko, ukivutwa kwa nguvu hulikata shina laini kama msumeno. Nimewahi kuvuta kambale nikaona vichwa vya matete vikianguka kimoja baada ya kingine kuelekea kwangu, na samaki akafuata njia hiyo iliyofyekwa.

Hata hivyo, mshipi wa kusukwa una adui mmoja ambaye sisi wa mlimani tunaye kwa wingi, nalo ni jiwe la volkano. Mawe ya mito kama Weruweru na Kikafu, na miamba inayojitokeza hapa na pale kwenye kingo, yana makali, na mshipi wa kusukwa ulionyooka ukigusa ukingo wa jiwe la namna hiyo mara moja tu unaweza kukatika bila kutoa onyo. Kwenye mawe, rudi kwenye nailoni nene. Ubaya mwingine ni kwamba unateleza, kwa hiyo mafundo mengi ya kawaida hufunguka, na kwamba unakata vidole. Hilo la vidole nitalirudia.

Kuna pia fluorokaboni, ambayo ni nzito kuliko maji, huzama upesi na haionekani sana majini. Kwa kuwa inazama, haifai kuwa mshipi mkuu juu ya majani. Mtu anaweza kuitumia kwa kipande cha mwisho karibu na ndoana, lakini kwa perege na kambale wa kwetu, ambao mara nyingi maji yao yana tope, sijaona sababu ya kuingia gharama hiyo.

Uzi wa kusukia nyavu, ule unaouzwa kwa mafungu, usidhaniwe kuwa ni mshipi wa kusukwa. Ni mnene, hunywa maji, na hujaza rili kwa mita chache tu. Kwa kutega ndoana kwa mkono unafaa, kwa fimbo yenye rili haufai.

Ushauri wangu kwa mtu anayeanza ni kuwa na rili mbili, au rili moja yenye vigurudumu viwili vya kuviringishia mshipi vinavyobadilishwa. Cha kwanza kiwe na nailoni ya 0.28 au 0.30 kwa ajili ya perege, ambaye huvuliwa kwa boya kwenye mianya iliyo wazi kati ya mayungiyungi, kwa ndoana ndogo na kipande cha mnyoo. Huyu mdomo wake ni mdogo, na mshipi usiorefuka humchana mdomo akaponyoka. Cha pili kiwe na mshipi wa kusukwa wa kilo 20 hivi kwa ajili ya kambale, na mwisho wake ufungwe nusu mita ya nailoni nene ya 0.60. Kipande hicho si mapambo. Kambale ana meno madogo mengi yaliyojipanga kama msasa, na anaposaga mshipi mdomoni kwa dakika kadhaa, nyuzi za kusukwa hukatika mojamoja.

Dukani

Hapa kwetu maduka yanayouza zana za fimbo si mengi kama yalivyo miji ya ziwani au ya pwani, na kwa sababu hiyo bidhaa hukaa. Niliwahi kununua nailoni kwenye duka moja mjini ambapo vigurudumu vilikuwa vimening'inizwa dirishani vikipigwa na jua la mchana, na ilikatika kwa mkono siku ileile nilipoifunga. Tangu hapo naomba nitolewe cha ndani ya boksi. Vuta mita 1, ipitishe katikati ya kucha mbili: ikiwa na vinundu, au ikibaki imejikunja kama chemchemi ya kalamu hata baada ya kunyooshwa, iache. Funga fundo la kawaida katikati yake ulivute taratibu. Nailoni iliyochoka hukatika hapo kwa mlio mkavu. Kwa mshipi wa kusukwa, tazama kama ni wa mviringo na kama rangi na nta yake havibaki kwenye vidole, kwa maana ule wa bei ya kutupa mara nyingi ni bapa na umepakwa nta ili uonekane imara. Nguvu huandikwa kwa pauni kwenye vigurudumu vingi. Gawanya kwa 2.2 upate kilo. Ukiwa na mizani ya kuning'iniza nyumbani, funga mshipi kwenye ndoano yake, uvute polepole na usome mwenyewe inapokatikia.

Kujaza rili na kufunga

Mshipi wa kusukwa ukifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu tupu la rili huzunguka wote kwa pamoja, na mvuvi hudhani breki, ile inayobana gurudumu samaki anapovuta, imeharibika. Tanguliza mita 10 za nailoni, kisha unganisha. Unapokunja, mtu mwingine ashike gurudumu la dukani na wewe ubane mshipi kwa kitambaa kilicholowa, ili ukae kwa kubana. Ukikaa legelege, siku utakapovuta kwa nguvu uzi wa juu utazama katikati ya nyuzi za chini na kukwama. Acha milimita 2 kabla ya ukingo wa gurudumu. Kujaza kupita hapo ni kujitafutia mafundo.

Fundo ninaloliamini kwa mshipi wa kusukwa ni lile liitwalo Palomar. Kunja ncha ya mshipi iwe na nyuzi mbili kwa urefu wa sentimita 15, upitishe kitanzi hicho kwenye tundu la ndoana, kisha kwa nyuzi hizo mbili funga fundo la kawaida, lakini usilikaze. Ndoana sasa inaning'inia katikati. Panua kitanzi kilichobaki, uivushe ndoana nzima ndani yake, ulowanishe kwa mate, halafu vuta nyuzi zote mbili kwa pamoja mpaka kitanzi kishuke na kulala vizuri juu ya tundu. Kata mkia ubakize milimita 5. Mate hayo si ushirikina: fundo linalokazwa likiwa kavu hupata joto la msuguano, na nailoni ikipata joto hudhoofika papo hapo. Fundo lolote lililokaa upande, kata, funga tena.

Kuhusu mpangilio wa ndoana, mambo mawili huokoa zana nyingi. La kwanza ni kulifunga chubwi, yaani kizito cha kuzamisha ndoana, kwa uzi dhaifu wa nailoni ya 0.18 unaotoka pembeni, badala ya kulipitisha kwenye mshipi mkuu, ili likikwama kwenye mizizi likatike peke yake na samaki abaki. Nati kubwa au plagi chakavu kutoka gereji inatosha, na ni afadhali kuliko risasi, ambayo ni sumu kwa ndege wanaoimeza. Uingereza ilipiga marufuku machubwi ya risasi ya ukubwa wa kawaida mwaka 1987 kwa sababu ya bata maji waliokuwa wakifa. La pili ni kuikinga ncha ya ndoana. Chukua kipande kigumu cha nailoni ya 0.60, kifungie kwa uzi wa cherehani kwenye shina la ndoana karibu na tundu, ukikunje kama upinde hadi kiguse mbele ya ncha, kisha upake gundi. Majani yakigusa upinde huteleza, mdomo wa samaki ukibana upinde hulala na ncha hutoka.

Breki ya rili, ambayo kwa nailoni huwekwa kwenye theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa kilo 20 za kusukwa inatosha kuwekwa kilo 6 au 7. Ukizidisha hapo, itakayokatika ni fimbo.

Na ikikwama kabisa? Usizungushe mshipi wa kusukwa kwenye kiganja, kwa kuwa utaingia kwenye nyama kabla hujasikia maumivu. Tafuta kijiti kinene kama mpini wa jembe, uzungushe mshipi hapo mara tano, uelekeze fimbo sambamba na mshipi ili isibebe mzigo, ugeuze uso pembeni na utembee kinyumenyume. Kuingia majini kufuata ndoana usijaribu: Nyumba ya Mungu ina mamba, na wenyeji wa vijiji vya ukingoni watakuambia hivyo kabla hujauliza. Kabla ya safari, muulize pia afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni, kwa maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inahusu hata wa fimbo, na bwawa limewahi kufungwa ili samaki wazaliane. Duluti nayo iko ndani ya hifadhi ya msitu, kwa hiyo ruhusa hupatikana kwa wanaoisimamia.

Utunzaji baada ya safari

Sehemu hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo iliyonigharimu zaidi. Mwaka mmoja nilirudi jioni nikiwa nimechoka, nikaiacha rili kwenye buti la gari ikiwa na majani yaliyojiviringisha nyuma ya gurudumu. Nilipoifungua baada ya wiki tatu harufu ilinipiga kwanza. Majani yalikuwa yameoza yakawa ute mweusi, ute umeshika vumbi la barabara ya tambarare, na gololi zilikuwa zimeota kutu zikagoma kabisa. Haikutengenezeka.

Siku hiyohiyo ya kurudi, basi, toa gurudumu la rili, kwa kawaida ni kulegeza kifuniko cha breki tu, na uondoe kila unyuzi wa jani uliojificha kwenye mhimili kwa mswaki wa zamani. Futa rili kwa kitambaa chenye maji kidogo. Usiitumbukize ndani ya ndoo wala usiielekezee mpira wa maji wenye nguvu, kwa sababu maji yenye nguvu husukuma mchanga ndani badala ya kuutoa. Ikikauka, dondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kile kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi, tone jingine kwenye kiungo cha mkono, basi. Mafuta mengi hunasa vumbi, na vumbi la kiangazi cha kwetu linajulikana. Grisi ni ya meno ya ndani, nayo mara moja au mbili kwa mwaka. Petroli na dizeli visikaribie rili wala mshipi. Huharibu plastiki na huacha harufu ambayo huenda hadi kwenye chambo. Mwishoni legeza breki kabisa, kwa kuwa vipande laini vilivyo ndani yake vikikaa vimebanwa miezi mingi hubonyea, na siku ya samaki mkubwa breki huachia kwa kurukaruka.

Pete za fimbo zipitishie pamba. Pete yenye ufa usioonekana itang'ang'ania nyuzi za pamba, na ufa huohuo ndio unaokula mshipi wako kila unapotupa. Mshipi wenyewe, pitisha mita 5 za mwisho kati ya vidole. Palipochakaa au kuwa na manyoya, kata. Mimi hukata mita 1 kila baada ya safari hata kama sioni kitu. Mshipi wa kusukwa ukipungua sana, au mita 30 za mbele zikipauka, ugeuze: uhamishie kwenye gurudumu tupu ili ncha iliyokuwa chini, ambayo haijaona jua, ije juu. Ukigeuzwa hivyo hudumu misimu kadhaa, ilhali nailoni mimi huibadilisha kila mwaka kabla ya masika.

Ndoana zikaushwe kivulini kabla ya kurudi kwenye kopo, kwa sababu moja yenye maji huzitia kutu zote. Ipime ncha kwa kuiburuza taratibu juu ya ukucha: ikikwaruza na kusimama ni kali, ikiteleza inahitaji tupa ndogo, ukinoa kutoka shinani kuelekea nchani. Matete ni magumu kwa ncha kuliko watu wanavyodhani, na ndoana iliyokwisha vutwa katikati ya mashina asubuhi nzima mara nyingi imekuwa butu ifikapo saa sita mchana.

Vipande vya mshipi vilivyokatwa usiviache ukingoni, wala usivichome. Ndege hunasa miguu humo, na nailoni haiozi upesi. Mimi huvikusanya ndani ya chupa ya maji yenye kifuniko, na nikifika nyumbani huvikatakata kwa mkasi viwe vifupi kuliko kidole, kisha navitia kwenye taka zinazozolewa na gari la manispaa.